Jani la Isale na Jalada la Muuguzi

Kwa Wachagga, aliyemkosea jirani hakwenda kuomba radhi mikono mitupu. Alichukua jani la isale, na mbele ya jani hilo ilikuwa aibu kwa aliyekosewa kukataa kusikiliza. Hapa Rau masale yangali yakiota mipakani mwa vihamba. Hatuna budi kuanzia hapo, kwa maana hospitali ilikuja na desturi nyingine kabisa ya kuamua makosa.

Zama za Mwingereza, muuguzi alikuwa chini ya mkono wa matroni. Sheria ya mwaka 1952 ikamwandikisha katika daftari. Mgonjwa hakuwamo katika shauri hilo: aliuguzwa, akashukuru, akaenda zake.

Mwaka 1971 ulileta mageuzi mawili. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mjini Moshi. Na mwezi wa Februari TANU ilitoa Mwongozo, ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kiburi, dharau na ubabe. Wafanyakazi wa viwandani waliyashika maneno hayo mara moja, na neno likishatoka halifungiwi kiwandani. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoundwa mwaka 1966, nayo ilikuwa ikipokea malalamiko ya walioonewa na watumishi wa umma.

Kisha, mwaka 1993, hospitali za Serikali zikaanza uchangiaji wa gharama, na aliyelipa hudai. Hapa ndipo haki huwa ngumu. Dawa ikikosekana, mgonjwa hamwoni aliyepanga bajeti. Amwonaye ni sista. Muuguzi mmoja aliyeachiwa wodi nzima usiku akichelewa kumfikia mgonjwa, je, ni uzembe au ni uhaba? Lakini matusi hatuyatetei. Mama anayetukanwa akiwa katika uchungu ameumizwa mara mbili, na hapana upungufu wa dawa unaomlazimisha mtu kutukana.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelipa Baraza uwezo wa kuchunguza malalamiko, na hata kumfuta muuguzi katika daftari. Ni hatua kubwa. Hata hivyo Baraza huuliza kama kanuni imevunjwa. Jani la isale halimo katika kanuni. Tuonavyo sisi, walalamikaji wengi hawataki muuguzi afukuzwe, maana kesho watamhitaji, wanataka aje aseme, “Mama, nimekukosea.” Naye muuguzi, akihofu kwamba neno hilo laweza kuandikwa katika jalada lake kuwa ni kukiri kosa, hunyamaza.