Itaendelea: hadithi ya Kiswahili kutoka kwenye mswada hadi kwenye simu

Ukitaka kuona barua ya Kiswahili iliyoandikwa Kilwa mwaka 1711, unaweza. Zipo barua za aina hiyo, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Zilipelekwa kwa Wareno waliokuwa Msumbiji na washirika wao, na mpaka leo zimetunzwa katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Lakini ukitaka kusoma riwaya ya Kiswahili iliyotoka kipande kwa kipande kwenye blogu mwaka 2011, hapo unaweza kukwama. Unabonyeza kiungo, unaambiwa ukurasa haupo.

Tunapozungumzia teknolojia ya kidijitali na vitabu, maswali huwa ni mawili. Je, vijana bado wanasoma? Na je, kitabu cha karatasi kitakufa? Ni maswali mazuri, ila naona kuna la tatu tunalolisahau, nalo ndilo lenye uzito zaidi: nani anatunza tunachokisoma? Kulijibu inabidi turudi nyuma kidogo, maana kila mara chombo cha kuandikia kilipobadilika, mtunzaji naye alibadilika.

Enzi ya mkono

Kabla ya mashine, kitabu cha Kiswahili kilikuwa kitu cha kunakili. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani, mswada wake wa kale una tarehe ya mwaka 1728. Mwana Kupona naye alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, na utenzi huo ukasambaa kwa sababu watu waliupenda, wakaunakili, wakausoma kwa sauti majumbani. Hapakuwa na mchapishaji. Msomaji aliyeguswa ndiye aliyekuwa mtambo wa uchapaji.

Mfumo huu ulikuwa na hatari yake, na mfano mzuri ni Muyaka bin Haji wa Mombasa. Alifariki mwaka 1840, mashairi yake yakabaki vinywani mwa watu. Miaka mingi baadaye Mwalimu Sikujua akayakusanya na kuyaandika, akisaidiana na mmisionari W. E. Taylor. Kisha William Hichens akayatoa kama Diwani ya Muyaka, Johannesburg, mwaka 1940. Yaani ni miaka mia moja kamili tangu mtunzi afariki! Mnyororo huo ungekatika sehemu moja tu, leo tungekuwa na jina la Muyaka bila mashairi yake.

Enzi ya mlango

Matbaa ilikuja na wamisionari. Edward Steere wa misheni ya UMCA alichapa maandishi ya Kiswahili Zanzibar katika miaka ya 1860 na 1870, na mwaka 1888 misheni hiyohiyo ilianzisha gazeti la Msimulizi. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ikaanzisha Mambo Leo, lililosomwa mbali sana na Dar es Salaam. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo pamoja na kusanifisha Kiswahili ilikuwa ikipitia vitabu na kuviidhinisha. Mwaka 1948 ikaja East African Literature Bureau. Ni kupitia mashindano ya taasisi hii ndipo Muhammed Said Abdulla alipopata njia ya kuchapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akatuletea mpelelezi Bwana Msa.

Kwa hiyo sasa kulikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na mtu. Mhariri, kamati, afisa elimu, mwenye mtambo: hao ndio walioamua kipi kipite. Wengine walifungiwa nje kabisa. Mzee wa pwani aliyesoma na kuandika Kiswahili vizuri kwa herufi za Kiarabu alijikuta, kwa vipimo vya serikali, hajui kusoma. Teknolojia mpya haikumnyang'anya elimu yake. Ilibadilisha tu kipimo, na hilo likatosha.

Ila mlango huo ulikuwa na faida ambayo hatuitaji sana. Kilichopita pale kilitoka kikiwa nakala nyingi zinazofanana, na nakala hizo zilienda mahali pengi kwa wakati mmoja: shuleni, misheni, ofisini, maktaba. Nakala ya Bagamoyo ikiliwa na mchwa, ya Tabora ipo. Baadaye sheria nazo zikasisitiza kwamba mchapishaji apeleke nakala kwenye maktaba ya taifa. Mwandishi hakuhitaji hata kulifikiria jambo hilo. Kutunzwa kulikuja pamoja na kuchapishwa, kama kifurushi kimoja.

"Itaendelea"

Baada ya uhuru wasomaji waliongezeka kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1967 ni takriban theluthi moja tu ya watu wazima Tanzania waliojua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986, baada ya kampeni za elimu ya watu wazima, takwimu za serikali zilitaja karibu asilimia 90. Kichekesho chenyewe ni kwamba wasomaji walipopatikana, karatasi zikaadimika. Uchumi wa mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 uliikausha nchi fedha za kigeni, na wachapishaji wa umma kama Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, wakayumba.

Pengo hilo lilizibwa na watu wa mtaani. Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, Ben Mtobwa, Hammie Rajab, Kajubi Mukajanga: hawa waliandika riwaya fupi za mapenzi, uhalifu na ujasusi, na baadhi yao walianzisha kampuni zao wenyewe ili wasingoje mlango wa mtu. Kisha magazeti binafsi yaliporuhusiwa katika miaka ya 1990, hadithi zikahamia magazetini. Magazeti ya Global Publishers ya Eric Shigongo, ambaye mwenyewe ni mtunzi, yaliwazoesha wasomaji wengi kuisubiri wiki ijayo kwa sababu ya neno moja tu chini ya safu: *itaendelea*.

Shikilia neno hilo. Ndilo linalotuonyesha kwamba kilichotokea baadaye kwenye simu hakikuanguka kutoka mbinguni.

Simu inafungua mlango

Blogu za Kiswahili zilikuwepo mapema. Ya Issa Michuzi, kwa mfano, ilianza mwaka 2005. Lakini mageuzi makubwa yalikuja baada ya Julai 2009, waya wa SEACOM ulipofika pwani yetu kwa njia ya bahari. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, ikawa ghali na ya kusuasua. Ongeza simu janja za bei nafuu na bando la kununua kwa siku, ukawa na mamilioni ya watu wenye kitu cha kusomea mfukoni.

Kiswahili kilikuwa na bahati moja hapa. Tunaandika kwa herufi za kawaida za Kilatini, bila alama za juu wala chini. Kiamhari kilihitaji fonti zake, Kiyoruba kinahitaji alama za kiimbo. Sisi tangu enzi za SMS ya herufi 160 tulikuwa tunaandika bila kusubiri mtu atutengenezee chochote.

Na watu waliandika nini? Hadithi kwa vipande! Kwanza kwenye blogu na kurasa za Facebook, kisha kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, sehemu ya arobaini. Umbo ni lilelile la gazeti: kipande kifupi, kikatwe pale moyo unapodunda, chini yake "itaendelea". Kilichobadilika ni mwendo. Gazeti lilikuomba usubiri wiki, kundi linakuomba usubiri mpaka jioni. Msomaji naye anajibu hapohapo. Akichoka na mhusika, mwandishi anajua kabla hajaandika kipande kinachofuata.

Malipo nayo yamebadilika. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania mwaka 2008, na siku hizi mwandishi hutoa vipande vya mwanzo bure, kisha anaweka namba ya simu: ukitaka mwisho wake, tuma kiasi fulani, utarushiwa PDF. Hakuna mhariri, hakuna duka, hakuna kusubiri mrabaha wa mwisho wa mwaka. Kwa kijana mwenye kipaji aliyeko Kahama au Kakamega, hili si jambo dogo. Mlango uliosimamiwa kwa karne nzima umefunguliwa.

Haukufunguliwa bila masharti, kwa kweli. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania ziliwataka wenye blogu wajisajili, na gharama za mwanzo, ukijumlisha maombi na leseni, zilifika shilingi milioni 2.1. Kwa mtu anayeandika kwa kupenda, hiyo ilikuwa sababu tosha ya kuacha. Na mwenye blogu akiacha, hafungi tu ya kesho. Ya jana nayo inabaki yatima.

Kwa nini inapotea

Hapa ndipo tofauti kati ya karatasi na mtandao inapojitokeza. Kitabu kikishachapwa hakihitaji kitu kingine ili kiendelee kuwepo. Ukisahau kabatini miaka 40, ukirudi kinasomeka. Ukurasa wa mtandaoni unaishi kwa sababu kuna seva inayowashwa, jina la tovuti linalolipiwa kila mwaka, na kampuni iliyoamua huduma hiyo bado ina faida. Kimoja kikikatika, ukurasa haupo.

Na kampuni huamua vinginevyo. GeoCities, iliyokuwa na mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida, ilifungwa mwaka 2009. Google+ ilifungwa mwaka 2019. Mwaka huohuo Myspace ilikiri kupoteza muziki uliopakiwa kwake kabla ya 2016. Hizo ni kampuni kubwa za Marekani. Sasa fikiria kundi la WhatsApp la hadithi ambalo nakala zake pekee ziko kwenye simu za wanachama. Simu zinaibiwa, zinatumbukia majini, zinajaa mpaka mtu anafuta.

Lipo shirika la Internet Archive, lililoanzishwa mwaka 1996, linalopiga picha za kurasa za wavuti na kuzitunza. Linasaidia sana, lakini linaona kile tu kilichowekwa hadharani. Kundi lililofungwa halioni. Hata taasisi tajiri zinahema: Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza mwaka 2010 kwamba itahifadhi jumbe zote za hadharani za Twitter, ikafika mwisho wa 2017 ikaamua kuchagua chache tu.

Kuna kitu kingine kinanivutia hapa. Kwenye makundi, hadithi inakopiwa na kupelekwa kundi jingine. Njiani jina la mtunzi linaondolewa, aya inarukwa, mtu anaongeza mwisho wake. Hii ni enzi ya mswada imerudi! Wanaochunguza tenzi za zamani hutumia miaka wakilinganisha nakala zinazotofautiana namna hii hasa. Tofauti ni kwamba wao wanazo nakala za kulinganisha. Tena miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini. Teknolojia ileile inayookoa maandishi ya mababu inaachia maandishi ya wajukuu yapotee.

"Lakini si takataka tu?"

Nimeulizwa hivi zaidi ya mara moja. Hadithi za mapenzi za WhatsApp, nani atazihitaji?

Jibu langu ni zile riwaya fupi za mtaani za Dar es Salaam. Wakati wake, wasomi wengi waliziona takataka. Mwaka 2017 mwanahistoria Emily Callaci alitoa kitabu Street Archives and City Life, na sehemu ya ushahidi wake ni riwaya hizohizo, kwa sababu zinaonyesha vijana wa mjini enzi za Ujamaa walivyofikiria mapenzi, kazi, pesa na maisha ya jiji ambalo siasa rasmi ililitilia shaka. Faili za serikali hazina mambo hayo. Angeandika nini kama hakuna aliyeweka nakala?

Mwanahistoria wa mwaka 2070 atataka kujua tulivyopenda, tulivyoogopa na tulivyotafuta hela katika miaka hii. Matangazo rasmi atayakuta. Sauti za watu zitategemea kama kuna mtu alihangaika.

Kuhangaika kwenyewe

Si kazi ngumu sana. Mwandishi, usiache hadithi yako kwenye kundi pekee. Weka faili kamili lenye jina lako na tarehe, sehemu zaidi ya moja, na ukiweza chapa hata nakala chache upeleke maktaba. Msomaji, ukikuta kazi nzuri kwenye ukurasa wa hadharani, iingize kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Ni dakika moja. Usikopi kazi ya kuuzwa na kuigawa bure kwa kisingizio cha kuitunza, maana hapo unamnyima mwandishi mkate wake.

Maktaba na vyuo vyetu navyo vina sehemu yao. Uingereza ilipanua sheria yake mwaka 2013 ili maktaba zikusanye na machapisho ya mtandaoni. Hata kabla ya sheria, chuo kinaweza kukubaliana na waandishi: tupe faili lako, tulifunge kwa miaka kumi ili uendelee kuuza, kisha lifunguliwe kwa wasomaji na watafiti. Wanafunzi wa Kiswahili na wa historia wanaotafuta mada ya tasnifu wanaweza kuanza na kundi moja tu, kwa ridhaa ya watunzi wake.

Mashairi ya Muyaka yalimpata Mwalimu Sikujua. Hadithi za kizazi chetu bado zinamsubiri wa kwake, na simu zinaendelea kujaa.