Upweke wa Wazee wa Nangwa Haupimwi kwa Kuhesabu Majirani

Mtu akitaka kujua kama wazee wa Nangwa, chini ya Mlima Hanang, ni wapweke, huanza kwa kuuliza wanaishi na nani na jirani yuko umbali gani. Historia ya Hanang inaonyesha kuwa swali hilo halitoshi. Zamani kaya za Wairaqw, mojawapo ya jamii za huko, zilijengwa mbalimbali, kila moja katikati ya mashamba yake. Pamoja na hayo, watu waliitana kulima na kujenga, na mwenye kazi aliandaa pombe. Ng'ombe nao waliwekwa kwa wenzao: mlezi alikunywa maziwa, akamletea mwenye mali habari za kila ndama aliyezaliwa au kufa. Kwa hiyo mzee aliyeishi mbali na watu alikuwa na wengi waliolazimika kufika kwake. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji vya pamoja ni lazima, na hadi 1976 familia nyingi zilikuwa zimehamishwa. Nyumba zilikaribiana, lakini kukaribiana kwa kuta hakukuunda wajibu mpya wa mtu kwa mwenzake.

Kwa Wabarbaig, wafugaji wa Hanang, ni wazi zaidi kuwa wajibu ndio uliowakutanisha watu. Mzee wa heshima alipofariki, kaburi lake, bung'eda, liliinuliwa kuwa kichuguu kwa miezi kadhaa, ukoo na majirani wakikutana na pombe ya asali ikitengenezwa. Tangu mwisho wa miaka ya 1960, mashamba ya ngano yaliyofadhiliwa na Kanada yalimeza malisho yao ya Basotu, huko huko Hanang, na baadhi ya makaburi hayo yalipitiwa na trekta. Wafugaji wengi walihama na mifugo kutafuta nyasi mikoa mingine. Mzee aliyebaki alipoteza malisho, akapoteza pia mahali palipowakutanisha watu wake.

Wapo watakaosema kipimo cha upweke kipo tayari. Ni kweli: mwaka 1978 watafiti wa Los Angeles walitoa dodoso la sentensi 20, na mwaka 2004 likafupishwa kuwa maswali matatu: je, unakosa mwenza wa kuzungumza naye, unaachwa nje, umetengwa? Faida yake ni kulinganisha nchi na nchi, na sioni sababu ya kulitupa. Lakini jibu la "mara nyingi" halituambii ni uhusiano gani uliokatika. Wengine watasema nasifia zamani kupita kiasi, kwani Wairaqw walikuwa na metimani, desturi ya kumtenga aliyefiwa asishirikiane na majirani chakula wala moto. Desturi hiyo iliumiza watu, na haifai kurudishwa. Hata hivyo, utengano ule ulijulikana na kila jirani na ulikuwa na mwisho wake. Utengano wa mzee ambaye watoto wake wamehamia mjini hauna tarehe ya kuisha, na hauna anayeutangaza.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliitegemea familia kuwa nguzo ya matunzo. Nguzo hiyo isipopimwa, sera itabaki kwenye karatasi. Basi wanaokwenda Nangwa na madodoso waongeze maswali haya: nani bado anakuja kwako kwa sababu anawajibika kuja? Nani anakuomba uamuzi? Ukifa, nani atachimba kaburi lako?