Tela na Mabega

Mwanangu aliposhauri tuiuze Land Rover kuukuu tununue gari jipya la kuvutia tela, niliwakumbuka wamisionari wa London. Mwaka 1877 walitoka Saadani na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakielekea Ujiji. Magari yalikuwa imara. Ng'ombe ndio waliokufa, kwa mbung'o. Mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi.

Hapa Kigwa walipita Wanyamwezi hao, kila mmoja na frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Babu yangu alikuwa mmojawao. Bega lake la kulia lilikuwa gumu kama kwato, utotoni nililiogopa.

Nimemwambia mwanangu aitazame kwanza njia yetu wakati wa masika, ndipo tuzungumze injini.