Je, kuna ulimwengu mwingine unaofanana na huu wetu?

Msikilizaji wetu, kuna swali linalorudi mara kwa mara kwenye meseji za kipindi chetu: je, ni kweli kuna ulimwengu mwingine ambamo kuna Ifakara nyingine, mto Kilombero mwingine, na wewe mwingine anayeishi maisha tofauti na haya? Wengine wamekutana na habari hizi kwenye filamu. Wengine wametumiwa video fupi kwenye makundi ya WhatsApp, zikidai kuwa wanasayansi wameshathibitisha.

Jibu fupi ni hili: wapo wanasayansi makini wanaoona kwamba jambo hilo linawezekana, lakini hadi leo hakuna aliyelithibitisha. Katika makala haya tunaeleza wazo hili lilikotoka, kwa nini wengine wanalikubali na wengine wanalikataa, na namna ya kupima madai unayotumiwa kwenye simu.

Kwanza, maana ya neno

Tunaposema ulimwengu hatuna maana ya dunia peke yake. Dunia ni sayari moja inayolizunguka jua. Jua ni nyota moja kati ya mabilioni ya nyota zilizo kwenye kundi moja kubwa liitwalo galaksi, na galaksi yetu ni moja kati ya mabilioni ya galaksi. Vyote hivyo pamoja ndivyo vinavyoitwa ulimwengu. Wanasayansi wanakadiria kuwa ulimwengu huu una umri wa takribani miaka bilioni 13.8, na kwamba bado unatanuka.

Ulimwengu sambamba ni ulimwengu mwingine unaodhaniwa kuwapo nje ya huu tunaouona. Hauko sawa na sayari nyingine. Hata kesho wakigunduliwa viumbe kwenye sayari ya mbali, hao watakuwa ndani ya ulimwengu huu huu wetu.

Wazo limetoka wapi?

Limetoka katika njia tatu tofauti, na watu wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni umbali. Ukisimama katikati ya mashamba ya mpunga hapa bondeni, upande mmoja macho yanaishia milima ya Udzungwa na upande mwingine yanaishia milima ya Mahenge. Unajua kwamba nchi haiishii hapo. Ulimwengu nao una upeo wake. Mwanga husafiri takribani kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo tunaona tu vile vitu ambavyo mwanga wake umeshapata muda wa kutufikia. Zaidi ya hapo kuna nini? Hakuna sababu ya kudhani kuna ukuta.

Sasa fikiria bao la Kiswahili. Lina mashimo 32 na kete 64. Namna za kuzipanga kete hizo ni nyingi mno, lakini zina mwisho. Ukicheza bila kukoma milele, ipo siku mpangilio uliowahi kutokea utatokea tena. Baadhi ya wanafizikia wanasema hivyo hivyo kuhusu chembe zinazounda vitu vyote. Kama nafasi haina mwisho kabisa, na chembe zina idadi maalumu ya namna za kujipanga, basi mahali fulani mbali sana mpangilio wa hapa kwetu umejirudia. Angalia hilo neno "kama". Hakuna anayejua iwapo nafasi haina mwisho.

Njia ya pili inahusu mwanzo wa ulimwengu. Mwaka 1980 mwanafizikia wa Marekani, Alan Guth, alitoa wazo kwamba mwanzoni kabisa ulimwengu ulitanuka kwa kasi kubwa ajabu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wenzake, akiwemo Andrei Linde, walipoendeleza hesabu hizo waliona kwamba huenda kutanuka huko hakukukoma kila mahali kwa pamoja. Ni kama sufuria la uji unaochemka: povu moja linatokea hapa, jingine kule. Kwa mujibu wa wazo hili, ulimwengu wetu wote ni povu moja, na mapovu mengine yapo.

Njia ya tatu inatoka kwenye vitu vidogo kabisa. Chembe ndogo kama elektroni hazifuati mazoea yetu ya kila siku. Kabla ya kupimwa, hesabu zinaielezea elektroni kama vile ina uwezekano wa kuwa mahali pengi kwa pamoja. Ikipimwa, inaonekana mahali pamoja tu. Ule uwezekano mwingine umekwenda wapi? Mwaka 1957 Hugh Everett, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Princeton, alijibu kwamba haukwenda popote. Kila tokeo linatokea kweli, ila katika tawi lake. Sisi tuko kwenye tawi moja na hatuwezi kuyaona mengine. Filamu nyingi zimechukua wazo hili na kulifanya lionekane kana kwamba mtu akiamua tu kunywa chai badala ya uji, ulimwengu mpya unazaliwa. Everett alizungumzia chembe na vipimo. Uamuzi wa mtu si ndio chanzo cha matawi hayo.

Wanaopinga wanasema nini?

Mmoja wa wapinzani wanaojulikana ni Mwafrika, George Ellis wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Ni mtaalamu mkubwa wa elimu ya ulimwengu, na mwaka 1973 alitoa kitabu pamoja na Stephen Hawking. Hoja ya Ellis ni kwamba kitu kisichoweza kuonwa, kupimwa wala kutufikia kwa njia yoyote hakiwezi kuthibitishwa. Kinaweza kuwa kweli, lakini kukiita sayansi ni kuivuta sayansi nje ya mipaka yake.

Wanaounga mkono hujibu kwamba hawakubuni malimwengu hayo kwa kupenda. Wanasema yanajitokeza yenyewe kutoka kwenye hesabu ambazo kwa mambo mengine zimeshaonekana kuwa sahihi.

Mfano kutoka Malindi

Historia inaonyesha kwamba hesabu za ajabu wakati mwingine hugeuka kuwa ukweli, na mfano mmoja umepita kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1916 Mjerumani Karl Schwarzschild alipiga hesabu zilizoonyesha kwamba kitu kizito kikikandamizwa vya kutosha, hata mwanga haungeweza kutoka ndani yake. Leo tunakiita shimo jeusi. Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliona hiyo ni hesabu ya karatasini tu.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Miongoni mwa vitu ilivyochunguza ni Cygnus X-1, ambako miale ilikuwa ikibadilika haraka mno. Vipimo hivyo, pamoja na vya darubini za ardhini, viliifanya Cygnus X-1 kuwa mahali pa kwanza kuaminiwa na wataalamu wengi kuwa na shimo jeusi. Mwaka 2019 ikatolewa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi jingine, lililo katika galaksi iitwayo M87.

Tunachojifunza hapa ni jambo moja. Shimo jeusi lilikubalika kwa sababu liliacha alama ambayo chombo kingeweza kuipima. Mtu mwenye hesabu aliweza kusema: tazameni pale, mtaona hiki. Na kikaonekana.

Kwa upande wa ulimwengu sambamba, alama imetafutwa. Watafiti walifikiri kwamba kama povu letu liliwahi kugongana na povu jingine, kungebaki duara kwenye mwanga hafifu wa kale uliotapakaa angani tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Wakachunguza vipimo vya satelaiti. Hawakupata ushahidi wa kutosha. Kwa matawi ya Everett kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna njia inayojulikana ya tawi moja kuacha alama kwenye jingine.

Habari zinazozunguka kwenye simu

Mei 2020 ilisambaa duniani habari kwamba NASA imegundua ulimwengu sambamba ambako wakati unarudi nyuma. Ukweli ni huu. Kulikuwa na chombo kiitwacho ANITA, kilichobebwa na puto kubwa juu ya barafu ya bara la Antaktika ili kunasa ishara za chembe kutoka angani. Katika safari za mwaka 2006 na 2014 kilinasa ishara chache zilizoonekana kutoka chini kwenye barafu, badala ya kushuka kutoka juu. Jambo hilo liliwashangaza watafiti, na zikatolewa nadharia mbalimbali kulielezea. Magazeti yakachukua nadharia moja tu na kuigeuza kuwa ugunduzi. Watafiti wenyewe hawakuwa wametangaza kugundua ulimwengu wowote.

Dai jingine linahusu jina la Nelson Mandela. Watu kadhaa husema wanakumbuka kabisa kwamba alifia gerezani miaka ya 1980, na wengine wakadai hiyo ni kumbukumbu kutoka ulimwengu mwingine. Mandela alitoka gerezani tarehe 11 Februari 1990 na kufariki tarehe 5 Desemba 2013. Kumbukumbu ya mwanadamu hukosea, na watu wengi wanaweza kukosea kwa namna moja. Haihitaji ulimwengu wa pili.

Ukitumiwa habari ya aina hii, jiulize maswali matatu. Nani amepima? Amepima nini? Je, wengine wamepima wakapata hicho hicho?

Je, ni sawa na ulimwengu wa mizimu?

Hapana. Masimulizi ya Majimaji yanaeleza kwamba mwaka 1904 huko Ngarambe, upande wa Rufiji, Kinjikitile Ngwale aliingia majini, ndugu zake wakamtafuta bila kumpata, na siku ya pili akatoka akiwa mkavu, akiwa na ujumbe. Ujumbe huo na dawa ya maji vilifika hadi huku kwetu, na Agosti 1905 wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge. Katika masimulizi kama hayo, mtu anakwenda upande wa pili na kurudi. Ulimwengu sambamba wa wanafizikia hauna mlango. Kwa hesabu zao wenyewe, hakuna kwenda, hakuna kurudi, na hakuna ujumbe.

Mambo ya imani, ya pepo na ya ahera, si kazi ya fizikia kuyathibitisha wala kuyakanusha, na hatutaki kuyachanganya hapa. Lakini ni vizuri uelewe: mtu akikuomba pesa ili akuvushe, au akuunganishe na marehemu wako kwa "nguvu za kisayansi za ulimwengu sambamba", hakuna sayansi yoyote nyuma ya maneno yake.

Ile "laiti" ya kila mmoja wetu

Tunajua pia kwamba wengi hawaulizi swali hili kwa ajili ya nyota. Mtu aliyefiwa na mtoto huuliza: je, kuna mahali ambapo nilimwahisha hospitali, naye yuko hai? Kiswahili kina hata namna yake ya kuusema ulimwengu huo: ningeliwahi, angalipona. Hakuna mwanasayansi anayeweza kukuonyesha mahali hapo.

Hata hivyo, sayansi ina namna ya kulishughulikia hilo "kama", na imefanyika hapa hapa bondeni. Kuanzia mwaka 1997, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mradi wa KINET ulisambaza vyandarua vyenye dawa vilivyouzwa kwa jina la Zuia Mbu. Watafiti walitaka kujua: mtoto huyu angelala ndani ya chandarua, ingekuwaje? Mtoto mmoja hawezi kulala ndani na nje ya chandarua usiku huo huo. Kwa hiyo waliwalinganisha watoto wengi: waliofariki na waliobaki hai, nani alilala ndani ya chandarua na nani hakulala.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet. Kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4, vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Katika miaka mitatu, matumizi yake kwa watoto wachanga yalipanda kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya nusu. Matokeo hayo hayakumrudisha mtoto yeyote aliyefariki, lakini yalisaidia kuonyesha wazazi waliofuata wafanye nini.

Kwa kifupi

Ulimwengu sambamba ni wazo linalotokana na hesabu halali, nalo lina wafuasi na wapinzani miongoni mwa wataalamu wakubwa.

Hadi sasa hakuna chombo kilichowahi kunasa alama ya ulimwengu huo, na habari zinazosema umegunduliwa si za kweli.

Inawezekana siku moja alama itapatikana, kama ilivyokuwa kwa shimo jeusi. Inawezekana pia isipatikane kamwe, hata kama malimwengu hayo yapo.

Usimpe mtu pesa kwa ahadi ya kukufikisha huko.

Na usiku huu, hakikisha watoto wamelala ndani ya chandarua.