Civilization VI: Vile Unachora Vita na Diplomasia Bila Dunia Nzima Kukugeuka

Kabla FIFA ishike kila kibanda cha gemu kutoka Free Area hadi Lanet, wasee wa hapa walikuwa wanacheza gemu za zamu kitambo. Panda Hyrax Hill, hapo tu kando ya barabara ukitoka Lanet ukienda tao, na utapata mashimo ya bao yamechongwa kwa mwamba. Mary Leakey alianza kuchimba hicho kilima 1937. Bao unalijua: unacheza, halafu unanyamaza na kumcheki mwenzako akicheza. Civilization VI ni hiyo hiyo story, ila badala ya kete una miji, jeshi na majirani wenye kinyongo.

Gemu yenyewe ilitolewa na Firaxis Oktoba 2016. Baadaye zikaja nyongeza mbili, Rise and Fall (2018) na Gathering Storm (2019), na hapa tunabonga kuhusu gemu ikiwa na hizo zote mbili, juu bila hizo nusu ya diplomasia haipo. Ukitaka kushinda kwa vita, lazima ushike makao makuu ya kwanza ya kila mchezaji. Si lazima uchome kila kijiji. Na kama mko mbogi na laptop ni moja, kuna namna ya kucheza mkibadilishana kiti: mmoja anamaliza zamu, anampisha mwingine. Stima ikihepa pia si noma sana, gemu inajihifadhi yenyewe.

Wengi wanaanguka mahali pamoja. Wanaona jirani hana jeshi, wanamvamia zamu ya 30, wanashika mji mmoja, halafu kila mtu kwa ramani anawachukia hadi mwisho. Hakuna wa kununua bidhaa zao, hakuna wa kuwafungulia mpaka. Ndio maana tunaanza na diplomasia. Bunduki itakuja.

Siku ya kwanza kukutana

Ukikutana na kiongozi mpya, mtumie ujumbe zamu hiyo hiyo. Ni dhahabu 25 tu, na mara nyingi anakubali kwa sababu bado hana neno na wewe. Ukingoja zamu kumi, atakuwa amepata kitu cha kukuchukia na atadinda. Ukishajua kuandika (hiyo ni teknolojia kwa gemu, usikasirike), unafungua ubalozi kwa dhahabu 50. Zote mbili zinafanya akupende kidogo na zinakupa rada ya mambo yake.

Kila kiongozi ana ajenda moja inayojulikana na nyingine amebana. Soma hiyo inayojulikana kabla ujenge chochote karibu naye. Gandhi anachukia wapenda vita. Roosevelt hataki mtu aanzishe vita kwa bara lake. Gilgamesh ni msee wa miungano, mpe urafiki mapema na mara nyingi mtaenda pamoja hadi mwisho. Menelik II wa Ethiopia anapenda vilima na hataki uvijenge, kwa hivyo ukitupa mji wako kwa kilima karibu naye, jua tayari umeanza beef.

Urafiki ukitangazwa unadumu zamu 30, na kwa huo muda hamwezi kushambuliana. Hii ndiyo silaha ya maskini. Kama una majirani wawili na jeshi lako ni la kuhurumia, fanya mmoja rafiki ndio mgongo wako ulindwe, halafu weka akili yote kwa mwingine. Baadaye urafiki unageuka muungano, na kuna aina tano: wa utafiti, wa kijeshi, wa uchumi, wa utamaduni na wa dini. Ule wa kijeshi unawapa nyote nguvu ya ziada mkipigana na adui mmoja. Lakini kama huna mpango wa vita leo, chukua ule wa utafiti, jeshi lenye teknolojia ya jana halimalizi mtu.

Menelik alifanya hivi kwa ukweli

Gemu ina kitu kinaitwa malalamiko. Ukimvamia mtu ghafla unazua malalamiko 150. Ukimlaani hadharani kwanza, ungoje zamu 5, halafu utangaze vita rasmi, yanakuwa 100. Ukipata sababu nzuri zaidi, kama kukomboa mji wa rafiki yako au kulinda mji-dola ulio chini yako, yanashuka tena. Malalamiko yanapungua na muda, lakini kuyapunguza ni polepole na kuyajaza ni dakika moja.

Cheki vile Menelik mwenyewe alicheza hiyo zamu. Mwaka wa 1889 alitia sahihi mkataba wa Wuchale na Italia. Nakala ya Kiamhariki ilisema Ethiopia inaweza kutumia Italia kuongea na Ulaya. Ile ya Kiitaliano ilisema ni lazima. Yaani kwa neno moja, nchi nzima ilikuwa imewekwa mfukoni. Alipogundua hakukimbilia vita siku hiyo. Mwaka wa 1893 aliukataa mkataba mbele ya dunia, na wakati huo wote alikuwa ananunua bunduki na kuweka wakubwa wa mikoa upande wake. Machi 1896 jeshi la Italia likachapwa Adwa.

Laana, subira, bunduki, washirika, halafu vita. Ukiona msee kwa gemu anatangaza vita na ndio anaanza kujenga wapiga mishale, jua huyo ni chakula.

Soma pia upande mbaya wa mikataba. Hii ardhi ya Nakuru na Naivasha ilitoka mikononi mwa Wamaasai kwa karatasi, si kwa vita. Mwaka wa 1904 Olonana na viongozi wengine waliweka alama kwa mkataba wa kuhama Bonde la Ufa la kati, wakaahidiwa kwamba Laikipia itakuwa yao muda wote Wamaasai watakapokuwepo. Mwaka wa 1911 ukaja mkataba wa pili wa kuwatoa Laikipia. Yaani miaka saba. Walipoenda kortini 1913, jibu likawa kwamba huo ni mkataba kati ya pande mbili huru, kwa hivyo korti haiwezi kuuamua. Kwa gemu angalau unaonyeshwa amani itaisha zamu gani. Hesabu hizo zamu, juu jirani pia anazihesabu.

Zanzibar na dada anaitwa Amani

Miji-dola ni ile miji midogo haina mpango wa kushinda gemu. Wa kwanza kuigundua anapata mjumbe mmoja wa bure kwake. Ukiwa na wajumbe angalau watatu na uwe umewapita wengine wote, mji huo unakuwa chini ya mwavuli wako. Zanzibar iko kwa gemu, na ukiwa bosi wake inakupa mdalasini na karafuu, bidhaa ambazo huzipati njia nyingine yoyote. Hizo zinaweka raia wako wakiwa na furaha, na hiyo unaihitaji sana ukiwa vitani, kwa sababu vita virefu vinawachosha watu nyumbani.

Kati ya magavana (hawa si wa kaunti, hawa wanafanya kazi) kuna mmoja jina lake ni Amani, mwanadiplomasia. Mtume kwa mji-dola na anahesabika kama wajumbe wawili. Halafu kuna hii ambayo wengi hawaijui: ukiwa bosi wa mji-dola unaweza kulipa dhahabu uchukue jeshi lake kwa zamu 30. Kama umevamiwa na base haina askari, hiyo doh ndiyo inakuokoa usiku huo.

Usivamie mji-dola wewe mwenyewe bila kufikiri. Wengine wanaweza kuitana kikao cha dharura waje kukutoa, na wakifaulu wanalipwa.

Sasa vita

Panga jeshi kabla ya laana, usingoje baada. Mapema kabisa jenga warusha mawe wawili watatu, ua kitu kimoja na mmoja wao na teknolojia ya upinde itakuja haraka, halafu uwapandishe wawe wapiga mishale. Kadi ya Agoge inaongeza kasi ya kujenga hao askari wa kale kwa asilimia 50. Wapiga mishale wanne na askari wa mbele watatu wanatosha jirani ambaye hajajenga ukuta.

Akiwa na ukuta, achana na mishale. Kurushia ukuta mshale ni kama kutupia trela kokoto. Unahitaji gogo la kubomolea likae ubavuni mwa mji pamoja na askari wako wa mbele, au mashine za kurusha mawe nyuma yao. Hizo mashine zinaenda polepole na zinakufa haraka, kwa hivyo zipeleke na ulinzi.

Ya muhimu kuliko zote: zunguka mji. Mji ambao haujazingirwa unajiponya kila zamu, na wewe utakaa hapo ukiutoboa huku unazibika. Askari wako wakishika pande zote, hata kwa kuacha nafasi wanazozilinda, uponyaji unaisha. Angalia mito na vilima kabla ufike, kuvuka mto na kupiga zamu moja ni kujichinja.

Mji ukishashika, ndio shida inaanza. Uaminifu wa raia unashuka kama mji umezungukwa na watu wa adui, na ukifika sifuri mji unajitangazia uhuru. Weka gavana hapo mara moja. Victor anatua kwa zamu 3, wengine wanachukua 5. Acha askari ndani. Shika mji wa pili karibu haraka ndio iegemeane, mji mmoja peke yake ndani ya nchi ya wenyewe haukai.

Watu wa Lanet hawahitaji kufunzwa sana kuhusu uaminifu. Januari 1964, wiki chache baada ya uhuru, jeshi liliasi Dar es Salaam tarehe 20, Jinja tarehe 23, na tarehe 24 ikawa zamu ya kikosi cha 11 cha Kenya Rifles hapa kambini. Walikuwa wanalia mshahara na maofisa Waingereza waliobaki juu yao. Serikali ya Kenyatta iliita jeshi la Uingereza kuzima hiyo moto, na mwaka huo huo nchi hizo mbili zikafanya makubaliano ya ulinzi. Bendera ilikuwa imeshabadilika, lakini askari bado walikuwa wanauliza wanapigania nani.

Rudi kwa ramani. Baada ya zamu 10 za vita unaweza kuitisha amani. Ikiwa umeshika miji miwili na jeshi limechoka, chukua hiyo amani, itisha dhahabu kila zamu, na umfanye akuachie rasmi ile miji. Ponya askari, wapandishe, tuma Amani kwa mji-dola mwingine. Wauzie wengine ile hadhi ya kidiplomasia unayopata kila zamu, kompyuta inainunua kwa dhahabu ya kushangaza. Halafu cheki ni nani ana malalamiko na yule yule jirani yako, mwalike kwa vita vya pamoja, na ulaani tena. Zamu 5 zinaanza kuhesabiwa hapo.