Blokucheni na safari ya vipuri vya viwanda vya chai Kericho na Bomet

KIWANDA cha chai hakina subira. Majani yakichumwa asubuhi katika mashamba ya Litein, Kapkatet au Mogogosiek, hupimwa kwenye kituo cha kununulia majani, hupakiwa katika lori na kufikishwa kiwandani siku iyo hiyo. Huko hunyaushwa kwa saa kadhaa, kisha hupondwa. Iwapo mtambo wa kuponda utasimama kwa kukosa kipuri kimoja tu, majani yaliyokwisha kunyauka hayawezi kungoja meli ifike Mombasa wiki ijayo. Huharibika, na hasara humrudia mkulima.

Kwa sababu hiyo, swali la mahali kipuri kilikotoka, kilipo sasa na iwapo ni halisi si la fundi na mweka stoo pekee. Katika miaka ya hivi karibuni, teknolojia iitwayo blokucheni imetajwa mara kwa mara kuwa jawabu la swali hilo. Makala haya yanaeleza teknolojia hiyo ni nini, imejaribiwa wapi katika biashara ya kuvuka mipaka, na ni jambo gani isiloweza kulitenda.

Vipuri na mfuko wa mkulima

Kilimo cha chai cha kibiashara kilishika mizizi Kericho katika miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanzisha mashamba makubwa. Wakulima wadogo waliingia kwa wingi baada ya uhuru, hasa kupitia shirika la KTDA lililoundwa mwaka wa 1964 na kubinafsishwa mwaka wa 2000. Viwanda vilivyo chini ya mwavuli wa KTDA, 71 nchini kote, humilikiwa na wakulima wenyewe kupitia hisa. Ina maana kwamba kila shilingi inayotumika kununua kipuri hutolewa kabla ya bonasi kugawanywa.

Moyo wa kiwanda ni mtambo wa CTC, uliobuniwa Assam, India, katika miaka ya 1930. Mtambo huo una rola za chuma zenye meno, ambazo huzunguka kwa jozi, moja ikienda kasi takribani mara kumi kuliko nyingine, na majani yakipita kati yake hupondwa, kuraruliwa na kuviringishwa. Meno hayo huisha makali na sharti yanolewe au rola zibadilishwe. Kando ya rola kuna beringi, mikanda, mota, feni za vikaushio na vali za boila. KTDA ina kampuni tanzu ya kutengeneza mitambo ya chai, TEMEC, lakini vipuri vingi huagizwa kutoka ng'ambo, India ikiwa miongoni mwa watengenezaji wakuu.

Humo ndimo bidhaa ghushi hupenyeza. Beringi bandia huweza kuwa na kasha lenye nembo halali na ankara iliyopigwa mhuri. Kasoro yake hubainika pale tu inapovunjika, aghalabu msimu wa majani mengi, na kuiharibu rola ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya beringi yenyewe.

Blokucheni ni nini?

Kimsingi, blokucheni ni daftari la kumbukumbu ambalo nakala zake huwekwa na wahusika wengi kwa wakati mmoja. Kumbukumbu hukusanywa katika vitalu. Kila kitalu hupewa alama ya tarakimu na herufi inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, mithili ya alama ya kidole, na kitalu kinachofuata hubeba alama ya kile kilichotangulia. Mtu akibadilisha hata nukta moja katika kitalu cha zamani, alama yake hugeuka, mnyororo hukatika, na wenye nakala nyingine hugundua mara moja.

Wazo la kufunga hati kwa mnyororo wa namna hiyo lilichapishwa mwaka wa 1991 na Stuart Haber na W. Scott Stornetta. Lilipata umaarufu baada ya mwaka wa 2008, mtu au kikundi kilichojiita Satoshi Nakamoto kilipolitumia kuunda sarafu ya Bitcoin. Hata hivyo, blokucheni ya biashara ya vipuri haihitaji sarafu yoyote. Aghalabu huwa ni daftari la wanachama wanaojulikana: mtengenezaji, mkaguzi, kampuni ya meli, idara ya forodha, msafirishaji na mnunuzi.

Safari ya beringi moja

Tuchukue mfano wa kufafanulia jambo. Kiwanda kimoja cha Bomet kinaagiza beringi 40 kutoka India. Mtengenezaji anachonga nambari ya kipekee kwenye chuma cha kila beringi na kuiandika katika daftari. Mkaguzi anayetambuliwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS), chini ya utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa ulioanza mwaka wa 2005, anaongeza cheti chake. Kampuni ya meli inaandika nambari ya kontena na hati ya shehena. Huko Mombasa, Mamlaka ya Ushuru (KRA) inaongeza tamko la forodha na malipo. Msafirishaji anaandika saa ya kuondoka bandarini, na mweka stoo, kilomita zaidi ya 700 kutoka baharini, anapiga picha nambari kwa simu na kutia sahihi ya kupokea.

Faida yake ni tatu. Mosi, kiwanda huona shehena ilipo bila kupiga simu kwa mawakala watano. Pili, kipuri kikiharibika kabla ya muda wa dhamana kwisha, hakuna ubishi kuhusu tarehe wala aliyekiuza. Tatu, viwanda jirani vikishiriki daftari moja, Kapkoros inaweza kujua kwamba Tirgaga ina rola ya akiba, ikaazima badala ya kusimamisha kazi.

Mifano halisi

Kenya imo katika historia ya majaribio ya teknolojia hii. Mwaka wa 2014, kampuni ya meli ya Maersk ilifuatilia shehena ya maua na maparachichi kutoka humu nchini hadi Uholanzi, ikabaini kuwa ilipitia mikono ya takribani watu na mashirika 30, na mawasiliano zaidi ya 200. Matokeo hayo yalitajwa sana Maersk na IBM zilipoanzisha jukwaa la TradeLens mwaka wa 2018. Lakini mnamo Novemba 2022 kampuni hizo zilitangaza kulifunga, zikikiri kwamba ushirikiano kamili wa sekta nzima haukupatikana. Huduma ilikoma mwanzoni mwa 2023.

Jaribio jingine ni la shirika la TradeMark East Africa, ambalo sasa linaitwa TradeMark Africa, pamoja na wakfu wa IOTA. Mwaka wa 2020 yalitangaza ushirikiano wa kuhifadhi hati za bidhaa zinazouzwa nje katika daftari la pamoja, ili forodha ya nchi ziendako izione mapema. Katika sekta ya chai yenyewe, mradi wa Trado ulitangazwa Desemba 2017 ukihusisha Unilever, Sainsbury's na benki kadhaa. Ulilenga wakulima wa Malawi, ambapo taarifa kuhusu uzalishaji zingewawezesha wasambazaji kupata mikopo nafuu.

Kwa upande wa vipuri, sekta ya ndege ndiyo iliyotangulia. Mwaka wa 2018 kampuni ya Honeywell ilifungua soko la mtandaoni la vipuri vya ndege vilivyokwisha kutumika, ambamo historia ya kipuri huhifadhiwa kwa blokucheni. Umuhimu wa kumbukumbu hizo ulidhihirika mwaka wa 2023, ilipogunduliwa kwamba kampuni ya AOG Technics ya Uingereza ilikuwa imeuza vipuri vya injini kwa vyeti vya kughushi. Mashirika kadhaa ya ndege yalilazimika kuondoa injini ili zikaguliwe.

Si kila daftari huhitaji mnyororo

Ni muhimu msomaji aelewe kwamba mengi yanayosifiwa kuwa kazi ya blokucheni tayari hufanywa bila blokucheni. Shirika la KenTrade, lililoundwa mwaka wa 2011, husimamia mfumo mmoja wa kuwasilishia vibali vya kuingiza na kutoa bidhaa. Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ilianza mwaka wa 2014, na tangu 2017 shehena zinazopita kuelekea Uganda na Rwanda hufuatiliwa kwa kufuli za kielektroniki. Mnada wa chai wa Mombasa, unaouza chai ya Kenya na ya majirani kama Uganda, Rwanda na Burundi, ulihamia mtandaoni mwaka wa 2020. Penye asasi moja inayoaminiwa na wote, hifadhidata ya kawaida hutosha na ni nafuu.

Blokucheni huwa na maana pale wahusika ni wengi, wako nchi tofauti, na hakuna anayekubali mwenzake ashike daftari peke yake. Biashara ya vipuri kati ya India, Mombasa na Kericho ina sifa hizo. Hata hivyo, yaliyoipata TradeLens yanaonyesha kwamba kuwashawishi washindani waandike katika daftari moja ni kazi nzito kuliko kuunda programu.

Mizani na risiti

Udhaifu mkubwa zaidi mkulima wa chai anaufahamu tangu zamani. Kwenye kituo cha kununulia majani hupewa risiti yenye tarehe na kilo. Risiti hiyo inaweza kutunzwa kwa uaminifu mkubwa, isifutwe wala kurekebishwa. Lakini mizani ikidanganya, risiti hutunza uongo.

Hali kadhalika blokucheni. Hulinda kilichoandikwa kisibadilishwe, lakini haishuhudii kwamba kilichoandikwa ni kweli. Kibandiko chenye nambari halali kinaweza kubanduliwa kwenye beringi halisi na kubandikwa kwenye ya bandia. Mweka stoo anaweza kutia sahihi ya kupokea 40 ilhali amepokea 36. Ndiyo maana nambari hufaa kuchongwa kwenye chuma, kipuri kupimwa kinapopokelewa, na anayetia sahihi awe mtu mwingine asiyehusika na ununuzi.

Sheria

Serikali ya Kenya iliunda jopokazi kuhusu teknolojia hii mwaka wa 2018, chini ya uenyekiti wa Profesa Bitange Ndemo, na ripoti yake ikatolewa mwaka uliofuata. Sheria ya Bidhaa Ghushi ya 2008 ndiyo msingi wa kuwashtaki wauzaji wa vipuri bandia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humpa mtu haki ya kutaka taarifa zake zirekebishwe au zifutwe, haki ambayo ni vigumu kuitekeleza katika daftari lisilofutika. Kwa hivyo majina na nambari za simu za wakulima hazifai kuandikwa humo. Uingereza, mojawapo ya wanunuzi wa chai yetu, ilipitisha mwaka wa 2023 sheria inayozipa hati za biashara za kielektroniki, ikiwemo hati ya shehena, nguvu sawa na za karatasi.

Maswali ya kuuliza

Wakurugenzi wa kiwanda wakiletewa mfumo wa aina hii, wenye hisa wana haki ya kuuliza mambo manne kwenye mkutano wa mwaka. Nani ataandika kumbukumbu ya kwanza, na atawajibishwa vipi akidanganya? Je, mtengenezaji na msafirishaji wamekubali kushiriki, au ni kiwanda peke yake? Gharama yake kwa mwaka ni kiasi gani ikilinganishwa na hasara ya mtambo kusimama? Na mfumo ukifungwa kama ulivyofungwa TradeLens, kumbukumbu zitabaki mikononi mwa nani?

Pasipo majibu, mkulima atakuwa amekatwa bonasi yake kununua daftari zuri la kuandikia mambo asiyoyahakikisha.