Volvo XC90 ya Mtumba: Kulikagua Gari la Familia Kuanzia Safu ya Tatu

Krosova ni gari lililoinuka kama jipu lakini halina chesisi iliyotenganishwa na bodi. Fremu na bodi ni kitu kimoja, kama ilivyo katika saluni. Ikiwa na safu tatu za viti hubeba watu saba, na ikiwa ya kifahari huongezewa siti za ngozi, paa la kioo, springi za hewa na kompyuta zinazosimamia karibu kila kitu, kuanzia breki hadi mlango wa buti. Audi Q7 imo katika kundi hilo, na Land Rover Discovery ya kizazi kilichoanza 2017 pia. Makala haya yanaishughulikia Volvo XC90 ya kizazi cha pili, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Agosti 2014 na kuanza kuuzwa 2015. Sababu ni kwamba gari hili sasa limefika umri wa kushuka bei huko Japani na Uingereza, nchi ambazo usukani uko kulia kama wetu na ambako magari mengi yaliyotumika huja Mombasa na Dar es Salaam.

Mnunuzi wa kawaida huanzia mbele: hufungua boneti, husikiliza mlio, hutazama rimu, kisha hukaa kwenye kiti cha dereva na kuridhika. Kwa gari la viti saba, utaratibu huo uko kinyume. Pesa ya ziada, uzito wa ziada na mafuta ya ziada vinalipwa kwa ajili ya safu ya tatu. Isipokalika, gari la viti vitano lingewafaa zaidi wenye nyumba, tena lingekuwa rahisi kulitunza. Kwa hiyo ukaguzi uanzie nyuma, uje mbele, na injini iwe miongoni mwa mambo ya mwisho.

XC90 ina urefu wa mita 4.95, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni karibu mita 2.98. Volvo yenyewe husema safu ya tatu inamtosha mtu wa hadi sentimita 170. Kwa upande wa kichwa, dai hilo ni la haki. Kwa upande wa magoti, inategemea aliyekaa mbele. Siti tatu za safu ya pili husogezwa kila moja peke yake, na mtu mzima akirudisha yake nyuma kabisa, aliye nyuma yake hana pa kuweka miguu. Nafasi iliyopo imepatikana kwa ubunifu mzuri wa wahandisi: gari lisilo na springi za hewa halina koili mbili kwa nyuma, bali bamba moja la nyuzi za kioo na plastiki ngumu, lililolazwa kuvuka upana wa gari. Bamba hilo ni jembamba, kwa hiyo sakafu ya nyuma imeweza kushushwa. Katika magari mengi yenye ekseli nzima ya nyuma sakafu iko juu, na mtoto wa miaka kumi na miwili hukaa magoti yakikaribia kidevu.

Nenda na familia yote. Kila mtu akae pale atakapokaa siku za safari, milango ifungwe, na muuzaji awazungushe kwa muda wa kutosha, matuta yakiwemo. Mwachie bibi wa familia aamue kama anaweza kupanda bila kushikwa mkono. Kiyoyozi kipimwe wakati huohuo, kwa sababu hapa ndipo magari yanayofanana kwa nje hutofautiana: matundu ya hewa baridi ya safu ya tatu hayakuwekwa kwenye kila gari, na katika baadhi ya masoko yalikuwa nyongeza ya kulipia. Stockholm hakuna atakayelalamika. Tanga mwezi wa Februari, mtoto aliyekaa nyuma kabisa atateseka, na hakuna fundi wa kuongeza matundu hayo baadaye kwa gharama ya maana.

Kisha usalama, jambo ambalo ndilo sababu nzuri kuliko zote ya kulifikiria gari hili. Volvo ndiyo kampuni ambayo mhandisi wake Nils Bohlin alibuni mkanda wa pointi tatu mwaka 1959. Katika majaribio ya Euro NCAP ya 2015, XC90 ilipata nyota tano: asilimia 97 kwa ulinzi wa watu wazima na asilimia 87 kwa watoto. Mifuko ya hewa ya pembeni hushuka kama pazia na kufunika safu zote tatu, na si kila gari la viti saba lina ulinzi huo. Ila nyota hizo zilitolewa kwa gari jipya. Gari lililogongwa likarekebishwa vibaya laweza kuwa na mifuko iliyokwisha kufunguka na kufunikwa tu kwa plastiki. Washa swichi bila kuwasha injini utazame dashibodi: alama ya mifuko ya hewa sharti iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, mashaka yawe makubwa kuliko pale inapowaka bila kuzimika, maana huenda kuna aliyeificha. Vuta kila mkanda hadi mwisho wake, yote saba. Mstari wa tope au harufu ya uvundo kwenye sehemu ambayo kwa kawaida hubaki imejikunja ndani ni dalili ya gari lililozama mafurikoni, na gari lenye kompyuta nyingi likishazama usilinunue hata kwa nusu bei.

Wenye watoto wadogo waje na viti vya watoto vyenyewe. Vyuma vya ISOFIX viko kwenye siti mbili za pembeni za safu ya pili. Kiti cha mtoto kikifungwa hapo, siti hiyo haiinamishwi tena kwa urahisi kumpisha anayekwenda nyuma. Kwetu tunaendesha kushoto, hivyo watoto hushukia upande wa kushoto, mbali na magari yanayopita. Kiti cha mtoto kifungwe kulia ili njia ya kushoto ibaki wazi. Magari mengi ya aina hii yana pia kiti cha kuinuka kilichojengwa ndani ya siti ya katikati, kwa mtoto wa kilo 15 hadi 36. Hakikisha kinainuka na kujifunga barabara, kwa sababu makombo ya biskuti na juisi ya miaka mingi huwa yamejaa humo.

Buti nalo litazamwe viti vyote saba vikiwa vimesimama. Hubaki nafasi ya mikoba ya shule na vitu vya sokoni, si masanduku ya watu saba wanaokwenda kijijini kwa Krismasi. Familia ya watu saba inayosafiri mbali itahitaji kibebeo cha juu ya paa.

Sasa karatasi. Gari la Japani lililopita mnadani lina karatasi ya mnada, na ni haki ya mnunuzi kuiona, si kusimuliwa. Daraja la 4 au 4.5 ni la gari lililotunzwa. R au RA humaanisha limewahi kugongwa na kurekebishwa. Herufi za ndani ya gari huanzia A na kushuka. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni bati lililonyooshwa na kupakwa rangi upya, XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa. Gari la Uingereza lina kitu bora zaidi: historia ya MOT, ukaguzi wa kila mwaka unaoanza gari linapotimiza miaka mitatu. Kwa namba ya usajili ya kule, tovuti ya serikali huonesha bure maili zilizosomwa katika kila ukaguzi, lililofeli lilifeli kwa nini, na maonyo aliyopewa mwenye gari. Maili zikirudi nyuma kati ya mwaka mmoja na mwingine, mazungumzo yamekwisha. Magari ya Uingereza hata hivyo hupita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, na ya kaskazini mwa Japani pia, kwa hiyo gari linyanyuliwe na kutu itafutwe kwenye bolti, bomba za breki na mikono ya springi.

Kwa gari la Japani kuna jambo ambalo wengi hulisahau hadi mzigo umefika: skrini kubwa ya katikati, ambamo mna vidhibiti vya kiyoyozi, kamera na maonyo ya gari, yaweza kuwa inazungumza Kijapani. Jambo hilo liulizwe kabla ya kulipa, na muuzaji aoneshe picha ya skrini ikiwa katika lugha mtakayoisoma. Onyo lisilosomeka ni sawa na onyo lisilokuwepo.

Injini zote za kizazi hiki ni za silinda nne na ujazo uleule wa sentimita za ujazo 1,969. T5 ina tabo. T6 ina tabo pamoja na supachaja, nguvu farasi 320. D5 ni ya dizeli. T8 ni haibridi ya kuchomeka umeme, na magurudumu yake ya nyuma huendeshwa na mota ya umeme peke yake, bila shafti kutoka injini. Udogo wa ujazo una faida kwenye kodi. Kwa viwango vilivyotumika Tanzania kwa miaka mingi, gari lisilozidi sentimita 2,000 huangukia ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, wakati lililozidi hulipa 10. Na umri ukipita miaka minane huongezwa 15, ukipita kumi huongezwa 30. Kenya, Audi Q7 ya dizeli ya lita 3 huingia kwenye kundi la asilimia 35 kwa sababu dizeli yake imezidi sentimita 2,500, ilhali XC90 hubaki kwenye 25. Kenya pia hairuhusu gari lililozidi miaka minane: kwa mwaka 2025 mpaka ulikuwa magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza 2018 na kuendelea. Uganda mpaka ni miaka kumi na mitano tangu 2018.

Katika injini hizo nne, T5 au T6 ya 2018 na baadaye ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Injini za petroli za miaka ya mwanzo ya familia hii zinajulikana kwa kula oili, tatizo linalohusishwa na ringi za pistoni, na gari halina kijiti cha kupimia oili: kiwango husomwa kwenye skrini. Kisomwe mwanzoni mwa majaribio, na risiti za huduma ziangaliwe kama oili imekuwa ikiongezwa katikati ya huduma. Mkanda wa taimingi ni wa mpira, si cheni, na hubadilishwa kwa umri pia. Gari linalokaribia miaka kumi bila risiti ya mkanda huo linapaswa kupunguzwa bei papo hapo.

Dizeli ya D5 ni tamu kwenye safari ndefu, lakini ina chujio la masizi linalojisafisha gari likikimbia kwa muda. Familia ambayo siku tano kwa wiki ni shule, kazini na foleni italiziba. Dizeli ya Afrika Mashariki ilipunguzwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa, lakini Ulaya ambako injini hiyo ilibuniwa ni 10. Isitoshe, mwaka 2019 Volvo iliyaita yarudishwe kwa marekebisho magari zaidi ya 500,000 ya dizeli ya lita 2, ya miaka ya 2014 hadi 2019, kwa sababu bomba la plastiki la kuingizia hewa lingeweza kuyeyuka na hata kuwaka. Ukaguzi wa namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 utaonesha kama gari lako lilirekebishwa.

T8 inavutia kwa mwenye nyumba yenye umeme wa uhakika. Betri za mwanzo zilikuwa na takribani kWh 9.2, na dhamana yake katika masoko mengi ilikuwa miaka minane, yaani muda uleule ambao gari linaingia kwetu. Bila ripoti ya hali ya betri, usiinunue.

Springi za hewa hupimwa kwa rula. Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa kila madigadi unapofika, upime tena baada ya saa kadhaa. Pembe iliyoshuka inavuja, na kompresa inayohangaika kuifidia iko njiani kufa. Kwa barabara zetu napendelea gari lenye springi za kawaida na rimu za inchi 18 au 19, kama 235/60R18 au 235/55R19. Rimu za inchi 21 zenye tairi 275/40 hupendeza yadi, ila shimo moja la barabara ya Morogoro usiku hupasua tairi na kupinda rimu kwa pamoja. Funua sakafu ya buti utazame kama kuna tairi la spea. Magari mengi yalikuja na dawa ya kuziba pancha na pampu tu.

Gharama ya kumiliki haifuati bei uliyonunulia. Gari limeshuka hadi theluthi ya bei yake ya kwanza, lakini taa ya mbele, kompresa na giaboksi vinauzwa kwa bei ya gari la bei ile ya kwanza. Tenga walau asilimia 15 ya bei ya ununuzi kwa mwaka wa kwanza: oili ya injini na ya giaboksi, brekipedi, bushi na tairi. Badilisha oili ya injini kila kilomita 10,000, si kila 30,000 kama kitabu cha Ulaya kinavyoruhusu. Vumbi na foleni havikuandikiwa kitabu hicho. Kabla ya kulipa, mtafute fundi mwenye kompyuta ya kusoma Volvo, si ile ya magari yote, na umlipe akague gari zima. Nairobi na Dar es Salaam mafundi hao wapo. Kwa familia inayoishi Tabora au Kitale, na inayopita barabara ya vumbi kila siku, Prado yenye safu ya tatu finyu ndilo gari la kununua, kwa sababu bushi yake ipo dukani mji wowote na fundi wake yuko mtaa wa pili.